Kabla ya X ukutani, pigeni mstari kwenye mawe: barua ya wazi kwa wasimamizi wa ukingo wa ziwa

Waheshimiwa viongozi wa mkoa wetu, wakurugenzi na madiwani wa halmashauri zinazopakana na ziwa, maofisa ardhi, maofisa biashara, na nyote mliopewa dhamana ya mazingira,

Mwangaluka.

Nina bahasha ya kaki yenye leseni nane za biashara. Ya kwanza niliikata Julai 2015. Kila moja ina muhuri, kila moja ina jina langu, na kila moja inaniruhusu kuuza chakula kwenye kiwanja kimoja kando ya Ziwa Victoria, hapa Mwanza. Chini yake kuna karatasi ya tisa, ya Machi 2023. Hiyo inasema kiwanja hicho hicho kiko ndani ya eneo lisiloruhusiwa, zile mita 60 kutoka ukingo wa ziwa ambazo sheria inakataza shughuli za kudumu, na kwamba nina siku saba za kuondoka. Siku niliyoipokea, leseni ya nane ilikuwa bado na miezi minne mbele yake.

Sitataja kata wala ofisi. Yaliyonipata yamewapata wengine kwenye mialo mingine, huko boti za wavuvi zinakoshusha samaki, na nikitaja ofisi moja, zilizobaki zitaona barua haiwahusu. Inawahusu nyote.

Naomba kwanza niwaeleze palikuwa mahali gani, kwa sababu kwenye karatasi ile paliitwa "jengo" tu.

Watu walipaita mwembeni. Meza kumi na mbili chini ya mwembe mkubwa, jiko la bati kwa nyuma, vyoo viwili, na kibaraza kilichotazama maji. Kabla yangu, mama yangu alipika mwaloni miaka mingi, mama lishe wa sufuria tatu na mabenchi mawili. Viwanda vya minofu vilipoanza kununua sangara wote wa maana, yeye alipika kilichobaki: mapanki, kichwa na mgongo baada ya minofu kwenda zake Ulaya. Aliyaunga na nyanya na pilipili, mtu akala akaomba mchuzi wa kuongeza. Mimi nilikua nikiosha sahani zake, na nilipopata akiba ya kukodi kiwanja nilitaka kitu kimoja tu, kwamba mtu wa Mwanza aketi kwenye kiti chenye mgongo, ale samaki mzima wa ziwa lake, akilitazama.

Saa kumi na moja alfajiri nilikuwa Mwaloni, Kirumba. Saa hiyo boti za Ukerewe, za Kome na za visiwa vya mbali kama Goziba zinashusha, na anayekuja saa moja anakuta wenzake wameshachagua. Sato wangu alikuwa wa nusu kilo hadi robo tatu, anayeenea sahani bila mkia kuning'inia. Nilifunua mashavu kwanza. Yakiwa mekundu ninamchukua. Yakiwa ya kahawia, hata muuzaji aape kwa marehemu bibi yake, ninamwacha. Wauzaji walinizoea, wakawa wananiwekea tenga langu pembeni na kulifunika kwa gunia lililoloweshwa.

Mchemsho ndio uliotupa jina. Sato mzima, nyanya, kitunguu, karoti, hoho, tangawizi, ndizi mbili tatu za kupika, maji kidogo kuliko unavyodhani. Ndimu inaingia mwisho, sufuria ikiwa imeshateremshwa. Mwaka wa kwanza sahani ilikuwa shilingi 8,000, mwaka wa mwisho 15,000, na kila nilipopandisha nilikaa siku mbili sili vizuri, kwa sababu nilijua ni nani ambaye hatarudi.

Biashara ya pale ilifuata mwezi wa angani. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Mbalamwezi ikitoka wavuvi hukaa nchi kavu na pesa hupungua mwaloni kote. Wiki hizo nilipika sato wachache na maharage mengi, na wavuvi walikula kwa daftari. Giza liliporudi walilipa. Kwa miaka yote hiyo waliokimbia deni langu hawafiki watano.

Tulikuwa kumi na mmoja tukila kwa jiko lile, mimi nikiwemo. Sijawahesabu muuza mkaa, kijana wa maji, mama wa mchicha kutoka Igoma, na yule mzee aliyetengeneza viti.

Sasa nije kwenye leseni.

Nilifuata kila nilichoambiwa. Namba ya mlipakodi, mkataba wa pango, cheti cha kutodaiwa kodi, ada. Bwana afya alikuja akakagua vyoo, akauliza maji machafu yanakwenda wapi, akataka kuona kadi za wapishi waliopimwa afya. Watu wa moto walikuja wakahesabu mitungi. Wa ushuru wa huduma walikuja kila robo mwaka. Wote walipita kwenye kibaraza, wengi wao walikula, na walilipa, nisiwasingizie. Katika miaka minane hakuna hata mmoja aliyekuja na futi ya kupimia kutoka ukutani hadi majini. Mara ya kwanza kabisa niliuliza dirishani, kwa mdomo wangu: "Pale karibu na ziwa hakuna shida?" Kijana akageuza fomu, akaniambia hapo hapaulizwi. Alisema kweli. Fomu ile haikuwa na sehemu hiyo.

Ingekuwa nayo, ningejibu kwamba kutoka kibarazani hadi majini ni hatua zangu 48. Nilizihesabu wiki ya kwanza, kwa furaha tu, kama mtu anavyohesabu vyumba vya nyumba mpya. Hatua za mwanamke wa kimo changu hazifiki hata mita moja. Kwa hiyo sikuwa nimetimiza mita 60 hata siku moja, na sikatai hilo.

Waheshimiwa, sitaki mnielewe vibaya kwenye jambo hili, maana najua barua za namna hii huwa zinaanza kwa kuilaani sheria. Mimi sheria ya mita 60 ninaikubali. Ni Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, nimeisoma sasa mara nyingi kuliko mkataba wangu wa pango. Naikubali kwa sababu mbili, na zote mbili nilizipata palepale mwembeni.

Ya kwanza ni sato mwenyewe. Wavuvi wazee walinionyesha, maji yakiwa yametulia, vishimo vya mviringo kwenye mchanga wa kina kifupi. Dume huchimba, jike hutaga, kisha jike huyabeba mayai mdomoni mpaka yaanguliwe, na watoto wakishtushwa hurudi mdomoni mwa mama yao. Yote hayo hufanyika karibu na ukingo, kwenye matete na mafunjo. Anayefyeka matete ili wateja waone maji vizuri anafyeka chumba cha kuzalia cha samaki anayemuuza. Mimi nilifyeka, upana wa meza nne. Ninaiandika hapa kwa kuwa ni kweli, na kwa kuwa hakuna aliyeniambia, na kwa kuwa ningeambiwa 2015 nisingefyeka.

Ya pili ni 2020.

Ziwa letu hulishwa zaidi na mvua inayolinyeshea lenyewe kuliko mito. Maji yakishaingia hutoka kwa njia mbili kubwa, jua kuyakausha na mto Nile kule Jinja. Mvua zikizidi mwaka mmoja hayana pa kukimbilia, yanapanda. Mvua za mwishoni mwa 2019 zilikuwa kubwa mno, masika ya 2020 yakafuata bila kupumzika, na kufika Mei ziwa lilikuwa limepanda zaidi ya mita moja, likapita hata kile kilele cha 1964 ambacho wazee wetu wamekuwa wakikisimulia tangu tuko wadogo.

Mita moja kwenda juu inasikika ndogo. Lakini kwenye ukingo wa mteremko mdogo kama wa kwetu, mita moja kwenda juu ni makumi ya mita kwenda ndani. Zile hatua 48 zikawa 30, zikawa 20. Asubuhi moja ya Mei nilihesabu tisa. Meza nne za mbele tulizihamishia nyuma. Wateja walikuwa wachache tayari kwa sababu ya ugonjwa wa korona, kwa hiyo nafasi haikuwa tatizo.

Tatizo lilikuwa karo la choo. Maji ya ziwa yalipanda chini kwa chini kabla hayajafika juu, karo likajaa bila mtu kulitumia, na siku ya Jumatano nikaona kinachotoka kinaelekea wapi. Mita thelathini kutoka pale watoto wa jirani walikuwa wanachota maji. Nilifunga siku hiyo hiyo. Niliita gari la kunyonya maji taka mara tatu, kila mara linanyonya na karo linajaa tena kwa maji ya ziwa, mpaka dereva akaniambia, "Mama, hapa tunanyonya Victoria." Nilimwaga saruji, nikafunga vyoo vile kabisa, nikachimba vingine juu kule barabarani kwa pesa niliyokuwa nimeiweka kwa ajili ya ada ya mwanangu. Nilizunguka nyumba zote za jirani kuwaambia wachemshe maji. Kuna mama mmoja alinitazama tu, hakunijibu, na hadi leo nikikutana naye sokoni ninamsalimia mimi kwanza.

Kwa hiyo mita 60 zina maana, na ninazitetea mbele ya wenzangu wenye migahawa wanaosema ni hila ya kuchukua viwanja.

Lakini katika jambo hilo hilo la 2020 kuna swali ambalo nawaomba mlijibu. Mita 60 kutoka wapi? Kutoka maji yalipokuwa 2015, au yalipokuwa Mei 2020, au yalipo leo? Wazee wanasema kati ya 1961 na 1964 ziwa lilipanda zaidi ya mita mbili, na vipimo vinawaunga mkono. Mvua za mwishoni mwa 2023 na masika ya 2024 zikalipandisha tena. Ukingo wa ziwa hili unatembea. Mtu anaweza kujenga nje ya mstari kwa uaminifu wote, akalala, akaamka ndani yake. Na mwingine anaweza kujenga ndani mwaka wa kiangazi na kusema amepima.

Pembeni ya kiwanja changu kulikuwa na jiwe. Mwanza hatuna uhaba wa mawe. Mgeni akishuka tu anaonyeshwa la Bismarck kule Kamanga. Langu halikuwa na jina. Lilikuwa na mstari mweupe uliofifia, juu kidogo ya bega la mtu mzima, na mvuvi mmoja mzee aliniambia siku ya kwanza kabisa: "Pale ndipo yalipofika maji ya uhuru." Nilicheka kidogo, nikidhani anapamba. Mei 2020 niliyaona maji yakiugusa mstari ule, kisha yakaufunika. Jiwe lilikuwa linajua kuliko fomu zote nilizojaza.

Hapo ndipo ninapofika kwenye ombi langu, na ni moja.

Pigeni mstari. Tumieni vipimo vya kilele vilivyopo, chagueni kiwango kimoja kisichohama, halafu kiwekeni alama inayoonekana kwa macho ukingoni kote: rangi kwenye mawe pale penye mawe, vigingi vya zege pale penye mchanga. Kisha pimeni mita 60 kutoka hapo na mweke alama ya pili. Mvuvi aione, mwenye kiwanja aione, mpangaji aione kabla hajatoa kodi ya miezi sita. Na kwenye fomu ya leseni ya mgahawa, gereji, baa au ghala lolote la kando ya ziwa, ongezeni mstari mmoja wa maandishi: eneo hili liko upande gani wa alama? Ofisa asitie muhuri mpaka aende akaone. Tayari anakuja kukagua choo. Kufika hadi majini ni mwendo wa dakika mbili.

Mkiisha kuweka alama, pimeni wote kwa futi ile ile, mwenye banda la bati na mwenye ghorofa.

Najua mtasema kazi hiyo ni ghali na maofisa ni wachache. Nimeliwaza hilo sana, usiku mwingi. Gharama ya ndoo ya rangi ninaifahamu. Gharama ya greda kuja kubomoa, askari wa kulilinda, na wafanyakazi kumi na mmoja kupoteza kazi siku moja, hiyo pia ninaifahamu, angalau sehemu iliyoniangukia.

Machi ile walikuja vijana wawili na kopo la rangi nyekundu. Walichora X kwenye ukuta wa jiko na nyingine kwenye nguzo ya kibaraza. Vijana wale walikuwa na adabu, mmoja aliniamkia shikamoo kabla ya kuchora. Nilimuuliza tu amepima lini. Akasema alipewa orodha. Nilikwenda na leseni zangu kwenye ofisi moja, wakanielekeza ya pili. Ya pili wakasema leseni inahusu biashara, haihusu ardhi. Nikaenda ya tatu, wakaniambia ardhi haihusu mazingira. Siku ya tano nilirudi nikaanza kung'oa mabati mwenyewe, kwa kuwa bati lililong'olewa kwa mkono linatumika tena na lililopitiwa na greda halitumiki.

Siku ya sita tulipika mara ya mwisho. Sikutangaza, lakini mwaloni habari hazihitaji tangazo. Walikuja wavuvi ambao deni lao lilikuwa la giza lililopita, ilhali tulikuwa kwenye mbalamwezi na nilijua mifukoni hamna kitu, wakalipa. Mmoja alilipa kwa sangara mkubwa aliyembeba begani. Mpishi wangu mkuu, tuliyeanza naye, alitia ndimu mapema kwenye mchemsho siku hiyo, kosa ambalo hakuwahi kulifanya. Tulikula hivyo hivyo.

Yeye sasa anauza chapati stendi ya Buzuruga. Dada wa vyombo alirudi Ukerewe. Wawili wako Dar es Salaam, mmoja nimepoteza namba yake. Mwembe waliuacha, nashukuru, na matete yamerudi upana wote wa zile meza nne nilizozifyekea. Nimekwenda kuyaona. Nilisimama pale nikafurahi na nikaumia kwa wakati mmoja, na sitaki kuchagua kimoja kati ya hivyo viwili.

Sidai fidia kwa barua hii. Wanasheria wameniambia ya kwao na hilo lina njia zake. Wala siombi nirudishiwe kiwanja. Karo lile limenifundisha kwamba hapakuwa mahali pa jiko wala choo. Nikipata nguvu nitafungua tena juu, upande wa barabara, na kama sheria itaniruhusu nitashusha mabenchi ya mbao jioni na kuyapandisha usiku, bila msingi, bila saruji, bila kugusa tete hata moja. Hilo nalo naomba mlitolee jibu la maandishi, lipi linaruhusiwa na lipi haliruhusiwi kati ya mstari na maji, maana mama lishe wa mialoni wanauliza kila siku na kila anayepita anawapa jibu lake. Wakati mwingine jibu hilo lina bei.

Wiki mbili zilizopita nilipita ukingoni, kiwanja cha nne kutoka kilichokuwa changu. Binti mmoja anajenga. Nguzo za kibaraza zimesimama, tofali za jiko zimepangwa, na ameshafyeka matete. Nilimsalimu, nikamuuliza kama amepima. Akaingia ndani akatoka na karatasi iliyowekewa plastiki ili isiloane, akanionyesha kwa furaha. Ni leseni. Ni mpya kabisa.

Nilimwonyesha jiwe. Niliona hajaniamini, kama mimi nilivyokuwa. Mngekuwa mmeupaka rangi ule mstari, nisingehitaji kumshawishi. Kabla hajaezeka naombeni mtume mtu, na mtu huyo aje na futi. Mkikosa wa kuwaonyesha lilipo, mimi nipo, na asubuhi huwa niko Mwaloni kuanzia saa kumi na moja.

Wenu katika ujenzi wa Mwanza,

Mama wa mwembeni